Kalibu za Mguu wa Kushoto

Mgonjwa alikuwa na swali moja tu, na kila aliyeweza kulijibu ama alikuwa amekwisha kufa, ama alijibu kinyume na mwenzake.

"Nilimkosea nini?" alimuuliza Inspekta siku ile ya kwanza, kutoka kitanda cha mwisho cha wodi ya wanaume, kile kilichopakana na dirisha. "Mtoto wa kunyonya anamkosea nini baba yake hata amtupe?"

Inspekta alivuta kiti akaketi. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili. Alistaafu upolisi zamani, lakini watu waliendelea kumwita kwa cheo kama vile alizaliwa nacho. Siku hizi alitafuta watu waliopotea, ambao wengi wao hawakutaka kupatikana. Huyu baba wa mgonjwa alikuwa wa aina nyingine. Hakuwa na cheti, picha, wala kaburi lililojulikana. Kilichobaki ni maneno ya ndugu, na maneno ya ndugu ndiyo ushahidi unaoteleza kuliko wote, kwa sababu husemwa kwa mapenzi.

Mzee yule kitandani aliitwa Pekupeku. Jina alipewa na watoto wenzake wa shule, nalo likamganda mpaka uzeeni, hata mke wake, Mungu amrehemu, alimwita hivyo. Alisoma bila viatu mpaka darasa ambalo viatu vilidaiwa, na hapo ndipo masomo yake yalipoishia. Maisha yake yote yaliyobaki alifyatua matofali, akikanyaga udongo kwa miguu mitupu. Binti yake alikuwa mwalimu, na kila mtu alimwita hivyo. Ndiye aliyemwendea Inspekta.

"Daktari amesema tukae naye tu," Mwalimu alimwambia koridoni. "Unaelewa maana yake."

"Naelewa."

"Halali usiku. Hasemi habari za maumivu, hasemi habari za marehemu mama. Anamsema baba yake. Mtu wa umri ule. Sitaki aende na swali lile, Inspekta. Hata kama jibu ni baya."

"Yeye mwenyewe aliambiwaje?"

"Kwamba mama yake alikufa akimzaa. Baba akamwacha kwa dada yake, akaenda kutafuta kazi. Huko akaoa, akazaa wengine, akamsahau. Aliambiwa na huyo huyo shangazi aliyemlea."

Ndiyo maana Inspekta alianza na nyumba ya marehemu shangazi, yaani na kile kilichobakia cha nyumba hiyo, mwanawe wa pekee.

*

Mwana huyo alikuwa karani mstaafu, na ukarani haukuwa umemtoka. Vitambaa vya makochi vilikuwa vimenyooshwa, kalenda ilikuwa ya mwaka huu, na hata birika la chai liligeuzwa mdomo ukutani lisimwelekee mgeni. Alimzidi Pekupeku miezi michache.

"Mimi na yeye tulinyonya ziwa moja," alisema. "Mama yangu, kulia mimi, kushoto yeye. Kwa hiyo usije ukadhani nasema kwa ubaya. Mjomba hakuoa popote. Mjomba alikuwa utingo wa malori. Lori lilipinduka mlimani, wakazikwa huko huko. Mama ndiye aliyeniambia, na mama hakuwa mwongo."

"Pekupeku aliambiwa kwamba baba yake alioa akamsahau."

"Nani kamwambia upuuzi huo?"

"Mama yako."

Karani alinyoosha kitambaa kilichokuwa tayari kimenyooka. "Labda hakutaka mtoto ajue kwamba baba yake kafa."

"Ungemficha mtoto kifo kwa kumwambia kwamba hapendwi?"

Karani alihamia kwenye kitambaa cha pili. Inspekta hakumhimiza. Alikuwa na desturi ya kuacha swali likae peke yake chumbani, huku yeye akitazama vitu. Alitazama kalenda, akatazama birika, akatazama viatu vya mwenyeji wake. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikatwa kwa wembe ubavuni, upande wa kidole cha mwisho, na soksi ilichungulia nje.

Karani aliona macho yalipotua. "Mguu huu una mgeni," alisema, akicheka kidogo. "Kidole cha sita, nimezaliwa nacho. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu wangu hajaniponya kitu. Tangu nimeanza kazi sijapata kiatu cha dukani kisichonibana."

"Na kabla hujaanza kazi?"

"Kabla ya hapo havikunibana hata siku moja. Baba yangu alinijali. Kila shule zilipofunguliwa nilikuwa na jozi mpya."

"Ya dukani?"

"Ya wapi tena?"

"Duka gani, ndugu yangu, liliuza jozi ambayo cha kushoto ni kipana kuliko cha kulia?"

Karani alikitazama kiatu chake kilichokatwa. Ilionekana wazi kwamba katika umri wake wote hakuwahi kujiuliza. Watoto hawaulizi, huvaa wanachopewa.

"Nimeweka jozi moja," alisema mwishowe. "Ya mwisho. Kwa kumbukumbu ya baba." Akapiga magoti kwa shida kando ya kitanda cha chumba cha pili, akiugulia. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi mgongo wenyewe ndio huu."

Vilikuwa viatu vya kijana, vyeusi, ngozi yake imekakamaa lakini mshono haukuachia hata tundu moja. Inspekta aliviweka juu ya magoti. Cha kushoto kilivimba ubavuni kwa ustadi, bila kuonekana kibaya. Aliyekishona alitaka mwenye mguu asichekwe. Alivigeuza. Visiginoni kulipigwa misumari midogo ya shaba, imepangwa duara, na mmoja katikati.

"Nani alikupa mkononi? Baba yako?"

"Mama. Alivitoa kabatini akasema, baba yako kakununulia."

"Baba yako mwenyewe aliwahi kusema?"

"Baba hakuwa msemaji."

"Na Pekupeku? Siku hizo mlipokuwa mnavaa viatu vipya."

"Mmoja ndiye aliyevaa," Karani alisema polepole. "Yeye alikuwa... alikuwa amezoea." Neno lile alilisikia likitoka, na hakulipenda. Inspekta aliomba kuviazima viatu, naye akampa bila kumtazama usoni.

*

Shahidi wa tatu alikuwa dada wa mwisho wa yule baba aliyepotea, shangazi mdogo wa Pekupeku na mama mdogo wa Karani. Ukoo mzima ulisema akili yake imechoka. Inspekta alimkuta uani kwa mjukuu wake akichambua maharage, na katika muda wote wa mazungumzo hakuacha hata bovu moja lipite. Akili iliyochoka haichambui hivyo.

"Wewe polisi?"

"Nilikuwa, bibi."

"Basi kaa. Polisi aliyestaafu ni mtu kama sisi."

"Nimekuja kuuliza habari za kaka yako. Mmoja anasema alioa akasahau, mwingine anasema alikuwa utingo, akafa kwa ajali."

"Utingo?" Bibi alicheka hadi akashika kifua. "Kaka yangu hata kupanda baiskeli aliogopa. Kaka alikuwa mtu wa ngozi. Mshona viatu. Ukikutana naye anakutazama miguu kwanza, uso baadaye. Mkewe alipokufa akasema hapa hawezi kukaa, kila mahali anamwona. Akaenda kule kwenye kiwanda cha saruji. Watu wengi, mabuti mengi."

"Mtoto akamwacha."

"Mtoto angempeleka wapi? Angemnyonyesha yeye? Dada alikuwa na maziwa. Akamwacha kwa mwenye maziwa."

"Alirudi?"

"Hakurudi."

"Alituma kitu?"

"Viatu," bibi alisema, kana kwamba swali lilikuwa la kipuuzi. "Alianza kutuma watoto walipofika umri wa kwenda shule. Alileta salamu kwa dereva wa lori la saruji: nichorewe mguu wa mwanangu. Dada akachora kwenye kipande cha boksi, kwa mkaa. Mimi nilimshika mtoto asitikisike, maana alikuwa anatekenyeka, anacheka, mkaa unakwenda ovyo."

"Mtoto yupi alikuwa anacheka, bibi?"

Mikono ilisimama juu ya maharage.

"Huyu wa dada," alisema. "Yule mwingine alikaa mlangoni, anatazama."

"Kwa nini hakuchorwa yeye?"

"Nilimuuliza dada. Akasema, mwenye mguu mbaya kwanza. Watoto wanamcheka, kiatu cha duka hakimwingii, na hapa Mungu kaleta fundi ndani ya ukoo. Huyu mwingine mguu wake mzuri, anaweza kungoja. Mwakani tutachora wake." Alichukua punje moja, akaitazama, akaitupa. "Mwakani akasema mwakani. Mwaka uliofuata mimi nikaolewa mbali. Nikadhani wamekwisha kumchora."

"Hukuwahi kumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Mnasema akili yangu imechoka."

Njiani Inspekta alipanga alichonacho. Baba hakuwa amemtupa mtoto. Alituma viatu mwaka baada ya mwaka, na shangazi akavielekeza kwenye mguu mwingine. Baada ya hapo uongo ukahitaji uongo. Hangeweza kumwambia Pekupeku kwamba baba yake yupo na anashona, kwa maana mtoto angeuliza viatu vyangu viko wapi. Hangeweza kumwambia mwanawe vilikotoka. Kila mmoja akapewa hadithi yake, na nyumba moja ikalea baba mmoja mwenye miisho miwili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa imekwisha kutembea maisha mazima ya mtu.

Lakini kitu kimoja kilikataa kukaa mahali pake. Mtu anayeshona viatu kila mwaka kwa ajili ya mwanawe, na malori yanakwenda na kurudi, mbona hakupanda hata mara moja akaja kumwona akivivaa?

*

Mtaa wa washona viatu ulikuwa nyuma ya kiwanda, na kila kitu pale kilikuwa na rangi moja ya vumbi: mapaa, majani, kope za watu. Inspekta alipita kibanda kwa kibanda, akionyesha kisigino cha kiatu kile. Wawili walitikisa kichwa. Wa tatu, aliyekuwa na sindano mdomoni, alielekeza kwa kidevu upande wa pili wa barabara.

Pale alikuwepo fundi mzee, kichwa cheupe, aproni ya ngozi imeng'aa tumboni. Alikichukua kiatu, akapitisha kidole juu ya duara la misumari.

"Hii ni kazi ya mwalimu wangu," alisema. "Duka hili lilikuwa lake. Nilikuja hapa kabla sijaota ndevu, na sijaondoka. Umekipata wapi?"

"Kwa aliyekivaa. Mwalimu wako yuko wapi?"

"Juu kule, nyuma ya kiwanda, penye miti michache. Siku nyingi sasa, ingawa alikufa akiwa mzee. Tulimzika sisi mafundi, maana hakuwa na mtu."

Inspekta aliinamisha kichwa. Alikuwa ametarajia habari hiyo, na bado ilimuuma, kwa sababu ya yule aliyekuwa akiingoja. Aliomba maji, akanywa, kisha akauliza kama kuna chochote cha marehemu kilichobaki.

Fundi alimpeleka nyuma ya pazia. Ukutani, kwenye misumari mirefu, zilining'inia kalibu za mbao, zile ambazo fundi huzivisha ngozi ili kiatu kipate umbo la mguu. Zilikuwa jozi kadhaa, zimepangwa kwa ukubwa, kuanzia mguu wa mtoto wa kuanza shule hadi wa kijana. Kwenye kila ya kushoto, ubavuni, kulibandikwa kipande cha ngozi kuongeza nafasi ya kidole kimoja zaidi.

"Boksi zenyewe mchwa walikula," Fundi alisema. "Zilikuwa zinakuja kwa lori, mguu umechorwa kwa mkaa. Anapima, anachonga kalibu, anashona, anatuma. Halafu mwaka mmoja zikaacha kuja."

"Za mwanawe," Inspekta alisema, akitaka tu kuthibitisha.

"Hapana. Za mtoto wa dada yake."

Inspekta aliigeuza shingo taratibu. "Alikwambia hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilipokuwa mgeni niliuliza, mzee, huyu mwanao ana vidole sita? Akasema huyo si wangu, huyo ni mtoto wa dada yangu."

"Alijuaje? Boksi ililetwa kama ya mwanawe."

Badala ya kujibu, Fundi alirudi mbele, kwenye meza ya kazi. Juu yake, ukutani, mahali ambapo wengine huweka kioo au picha, kulipigiliwa kipande kidogo cha ngozi kilichokatwa umbo la wayo. Kingeweza kulala chote kwenye kiganja. Vidole vilikatwa kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kisu kikosee hata unywele.

"Huu ndio wa mwanawe. Wa kushoto. Alimchora mwenyewe asubuhi alipoondoka kwao, mtoto kalala. Alinuia kumshonea vya kutembelea."

Inspekta alihesabu kwa macho. Vitano. Kile cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha gumba. Alitoa simu, akampigia Mwalimu.

"Uko wodini?"

"Niko naye. Amelala."

"Funua blanketi. Mguu wa kushoto. Una vidole vingapi?"

"Inspekta, maswali gani haya?"

"Funua, mwanangu."

Blanketi lilisikika likivutwa. "Vitano. Cha pili kimezidi kile kikubwa. Kama changu. Kwa nini?"

"Nitakuja. Kaa naye."

Alikata simu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, kile ambacho watu hukalia kuvua viatu, na kwa dakika nzima alionekana mtu aliyechoka kabisa. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake, na ilikuwa afadhali kisingekaa. Shangazi alidhani kiatu ni urefu na upana. Alisahau kwamba anampelekea mchoro mtu anayesoma nyayo kama wengine wanavyosoma sura. Boksi ya kwanza ilipofika, yule baba aliiweka kando ya kipande kile cha ngozi. Mtoto wa vidole vitano haoti cha sita. Aliomba mguu wa mwanawe, akaletewa wa mtoto mwingine, mara ya kwanza, mara ya pili, kila mara.

"Alipokwambia ni wa mtoto wa dada yake," Inspekta aliuliza, "hukumuuliza habari za wake?"

"Niliuliza. Nilikuwa mtoto, sikujua adabu. Akasema, wangu hahitaji viatu tena." Fundi alichukua kitambaa akafuta sindano iliyokuwa safi. "Baadaye ndio alinieleza. Boksi ya kwanza ilipokuja alifunga duka. Alipofungua, akashona vile vile kama ilivyochorwa. Alisema, mwanangu amekufa na dada yangu ameshindwa kuniambia. Ananiletea mguu wa mwanawe ili nisijue. Basi na mimi sitajua."

"Kwa nini hakwenda? Kwa nini hakuuliza tu?"

"Mama, aulize nini? Dada yake alimnyonyesha mtoto yule ziwa lake mwenyewe. Akiuliza, ni kama anasema, nilikupa mtoto ukamwacha afe. Aliona bora amtunzie dada heshima yake. Na kwenda, aende kuona nini? Kaburi? Kila akimaliza jozi alikuwa anaiweka hapa mezani siku nzima kabla ya kuituma. Anaitazama, anaitazama na ile ngozi. Sisi tulikuwa tunapita kimya."

"Fundi," Inspekta alisema. "Mwenye ngozi ile yuko hai."

Mzee yule alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ya mbali. Kisha akakaa sakafuni, pale pale, katikati ya vipande vya soli, akafunika uso kwa aproni yake. Alilia waziwazi, bila aibu, na mafundi wa jirani wakaja mlangoni wakasimama. Alikuwa akimlilia mwalimu wake upya, na safari hii hakukuwa na wa kumwambia ndiyo mapenzi ya Mungu.

Alipoinuka alichukua koleo, akang'oa misumari minne midogo kutoka ukutani, akampa Inspekta kipande cha ngozi kwa mikono miwili.

"Mimi nilijua mwenyewe yuko kaburini," alisema. "Ningekuwa nimempelekea."

*

Inspekta alipitia kwanza kwa Karani. Hakupunguza neno, kwa sababu katika kazi yake alijifunza kwamba habari mbaya ikikatwa vipande humuuma mtu kwa kila kipande. Karani alisikiliza amesimama. Inspekta alipomaliza, Karani hakumtetea mama yake wala hakumlaani. Aliuliza tu kama anaweza kwenda naye hospitali.

Pekupeku alikuwa macho. Uso wake ulikuwa umesinyaa, lakini macho yalimtambua Inspekta mara moja, yakamwuliza kabla ya mdomo. Mwalimu alisogea akampisha kiti. Karani alibaki miguuni mwa kitanda, kofia mkononi.

"Nimempata," Inspekta alisema. "Hayupo duniani, baba. Lakini hukumkosea kitu, na hakukutupa."

Akamweleza. Alieleza polepole, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akitoa ushahidi mahakamani: kuondoka, maziwa, boksi, mkaa, misumari ya shaba, kalibu. Alipofika kwenye kipande cha ngozi alikitoa kwenye pochi akakiweka kwenye kiganja cha mgonjwa. Kilienea pale pale, kama kilivyopata kuenea kwenye kiganja cha baba yake.

"Ni wewe huyo," alisema. "Alikuchora umelala. Alidhani umekufa. Aliishi na hiyo ukutani mpaka naye akafa."

Mgonjwa alikipitisha kidole gumba juu ya vile vidole vidogo, kimoja baada ya kingine, akasimama kwenye cha pili.

"Alioa?"

"Hakuoa."

"Alizaa wengine?"

"Hakuzaa."

"Kwa hiyo alinililia."

"Alikulilia, baba. Maisha yake yote."

Pekupeku alifumba macho. Machozi yalishuka kuelekea masikioni, na Mwalimu aliyafuta kwa ncha ya kanga, yake mwenyewe hakuyagusa. Ilikuwa kheri na ilikuwa hasara, vyote kwa pamoja, na hapakuwa na namna ya kumpa kimoja bila kingine. Baba aliyempenda alikuwa umbali wa safari moja ya lori. Alikuwa hai wakati Pekupeku alipooa, wakati Mwalimu alipozaliwa, siku zote zile za udongo na matofali.

Alipofumbua macho alimtafuta Karani.

"Vilikuwa vizuri?"

Karani hakuelewa. "Nini, ndugu yangu?"

"Viatu."

Karani aliishika kofia kwa mikono miwili. "Havikunibana hata siku moja," alisema.

"Unaona," Pekupeku alisema, akimgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amjue kulikuwa na majivuno katika sauti ile. "Babu yako alikuwa fundi."

Karani hakuweza kuvumilia zaidi. Aliinama akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia, akavua na kile kilichokatwa, akavua soksi, akavisukuma vyote chini ya kitanda. Akaja akaketi ukingoni mwa godoro, miguu yake mitupu ikigusa saruji ya wodi, mguu wa vidole vitano na mguu wa vidole sita. Akaishika miguu ya ndugu yake juu ya blanketi, akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Pekupeku alimwacha alie. Kisha akanyoosha mkono, ule usio na kipande cha ngozi, akamgusa begani.

"Vaa viatu," alimwambia kwa upole. "Sakafu ina baridi, na wewe hukuzoea."